Kinu cha Mama Mkwe na Wiski ya Mwaloni

Jumatatu, 3 Novemba
Habari kubwa! Lokule, mwenye hoteli kule Koboko, anatafuta mtu wa kuonja. Amejenga kaunta mpya ya vinywaji vya nje na hataki wachuuzi wamuuzie maji ya rangi. Jumamosi atafungua wiski ya bourbon kutoka Marekani, chupa moja tu, aliyoletewa na mpwa wake. Atakayeihukumu vizuri ndiye mwonjaji wa hoteli. Atapewa kiti chake mwishoni mwa kaunta, jina limeandikwa kwa rangi mgongoni.

Kiti hicho ni changu. Miaka kumi na saba nilitunza ghala la bia Arua mjini, na watu waliniita Bwana Stoo. Sasa nalima muhogo kijijini Dadamu na hata watoto wa jirani wananiita Adrabo hivihivi, bila bwana wala mzee. Naumia.

Tatizo: shemeji yangu Duku naye ameomba. Duku! Kaka wa mke wangu Filda, dereva mstaafu wa jeshi, mtu anayekunywa chochote kilichomiminwa. Amenipigia simu kunitakia heri. Dharau tupu.

Filda yuko Lobule tangu jana kwa binti yetu Prossy, aliyejifungua. Ameniachia agizo moja. Jumamosi nipeleke Koboko kinu cha marehemu mama yake. Jumapili ni kumbukumbu ya marehemu huko Dranya, jirani na Koboko, na simsim ya siku hiyo lazima itwangwe katika kinu alichotumia mwenyewe maisha yake yote. Amelirudia agizo mara tatu, utadhani anamtuma mtoto dukani.

Jumanne, 4 Novemba
Utafiti. Lokule ametutumia picha ya lebo kwa simu. Nimemwomba mwalimu wa jirani anisomee yale maandishi madogo. Wiski imelala miaka mingi ndani ya pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani kwa moto. Kwa hiyo humo mna mbao nyingi kuliko kitu kingine. Mwaloni nimeusikia kwenye mahubiri tu, kwetu hauoti. Lakini mbao ni mbao.

Nikaenda kwa Wahabu seremala, nikajihudumia vipande wakati yeye ameenda kuswali adhuhuri. Mvule: uchungu wenye heshima. Mkaratusi: dawa ya kikohozi. Cha tatu kilikuwa na ladha nzito ajabu, nikakitafuna muda mrefu nikiandika. Wahabu aliporudi akaniuliza mbona natafuna mbao aliyoipaka dawa ya mchwa.

Ulimi umekufa. Nimesukutua, nimekunywa maziwa. Wahabu anasema nina bahati. Mimi nasema nina mbinu.

Jumatano, 5 Novemba
Nimekaa jikoni sina ladha yoyote mdomoni, macho yamekwama kwenye kinu. Ghafla nikaona! Kinu ni nini kama si pipa lililokatwa katikati? Mti mnene, shimo ndani. Kinachokosekana ni moto.

Mpango: nitatengeneza wiski yangu mwenyewe. Nitakwenda nayo Jumamosi, niseme nimetumiwa na rafiki aliyeko Marekani. Wote wataisifu. Ndipo nitasimama na kutangaza kwamba imetoka Dadamu. Lokule atanipa kiti, na Duku ataniita Bwana Stoo mbele ya watu.

Nimejaza makaa ndani ya kinu, nikapuliza hadi kikawa cheusi. Nimemimina lita tatu za waragi wa muhogo kutoka kwa Kevina, mpishi wa pombe wa hapa kwetu. Kevina aliuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya sayansi. Akasema basi nilipe kabla. Nimefunika kwa sinia na kuziba ukingo kwa ugali.

Siku tatu zinatosha. Huko Marekani kuna baridi, pombe inalala kwa uvivu. Jua letu halina mchezo. Kinu nitakisugua kwa majivu kabla Filda hajakiona.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimechungulia. Rangi ya chai! Juu panaelea mafuta kidogo. Hiyo ni dalili ya ukomavu.

Nimejaza chupa moja, iliyobaki nimeitia kwenye dumu, na kuanza kusugua kinu. Majivu, mchanga, majani makavu. Weusi hautoki, harufu haitoki. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga.

Filda amepiga simu kuuliza kuhusu kinu. Nikamwambia kimepumzika vizuri. Sikusema uongo.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimefika Koboko na chupa mfukoni na kinu ndani ya gunia. Gunia nikaliacha mlangoni mwa hoteli. Wagombea tulibaki wawili, mimi na Duku.

Lokule akamimina ile ya kweli. Niliinusa kwanza, kitaalamu. Sukari iliyoungua. Nikaonja. Moto, halafu mbao, halafu mbao tena. Nikameza, na mbao ikabaki mdomoni kana kwamba nimelamba mlango mpya wa kanisa. Ulimi wangu ulikuwa umerudi nusu na nusu hiyo ilitosha. Nikatoa hukumu: pombe hii imekaa ndani ya pipa mpaka pipa likawa mwenye nyumba na pombe mpangaji. Utamu upo, lakini sharti upige hodi kwanza.

Makofi! Duku alisema ni kali na iko na mti, basi. Lokule akaagiza kopo la rangi na brashi, akaniuliza Adrabo linaandikwaje.

Hapo mtu mwingine angenyamaza. Mimi si mtu mwingine. Nikatoa chupa yangu, nikasimulia habari za rafiki yangu wa Marekani. Lokule akanywa, akasema hii ni laini kuliko ile ya kwanza. Nilishakohoa tayari kwa hotuba.

Duku akanywa. Akasita. Akanywa tena, akaweka glasi chini polepole. Macho yalikuwa yamelowa.

"Shemeji," akasema, "hii iko kinu ya mama."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Duku akaeleza kwamba utotoni yeye ndiye aliyekuwa akikomba simsim iliyobaki humo kwa kidole, na ladha ile hawezi kuisahau hata kaburini. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kinu iko wapi. Nikatazama mlangoni. Watu wote wakatazama mlangoni, kwenye gunia.

Kiti amepewa Duku. Lokule anasema mtu anayeweza kumtambua mama yake ndani ya waragi, huyo ndiye mwenye ulimi. Sikubali. Kuhusu mbao nilisema kweli, na makofi yalikuwa yangu.

Jumapili, 9 Novemba
Dranya. Nusu ya ukoo wa mke wangu ni Waislamu. Shangazi yake Kulusum aliinamia kinu mara moja, akarudi nyuma na kujifunika pua kwa mtandio. Hakuna simsim iliyoweza kutwangwa humo. Kwa kumbukumbu ya mama yao wenyewe wakaazima kinu kwa jirani.

Nilitegemea Filda atapiga kelele. Hakupiga. Alipapasa ukingo wa kinu, pale palipolika kwa mikono ya mama yake, akaniambia: "Kinu ya mama umekunywa, Adrabo. Leo mimi namkumbuka na kinu ya mutu mwingine."

Niliona aibu. Naandika hivyo mara moja, sirudii.

Shangazi Kulusum akaamua kwamba simsim nitwange mimi. Mwanamume mzima, mbele ya wakwe, na mchi mkononi! Nilitwanga mpaka viganja vikachubuka. Duku aliniletea maji akaniita mzee wangu, na hilo liliniuma kuliko viganja.

Filda harudi Dadamu. Anasema mpaka nimletee kinu nilichokichonga kwa mikono yangu mwenyewe.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimemaliza! Wahabu alinipa gogo la mvule na kuniazima shoka na tezo. Akaniomba nisilile. Siku tatu za kuchonga, malengelenge kumi na moja. Nyumba bila Filda ni kimya mno, nimekula muhogo wa kuchemsha asubuhi na jioni. Kesho alfajiri nakipeleka Dranya, naye atarudi. Nimeshamwambia kwa simu. Akasema sawa, Adrabo. Sauti yake ililainika, nikafurahi sana.

Jioni hii nimekiinamia nikakinusa. Mti mtupu. Hakuna simsim wala mama mkwe humo. Ndipo nikaikumbuka lebo.

Pipa jipya! Iliandikwa wazi kabisa, jipya! Mimi nilitumia kinu kizee, ndiyo maana Duku alinikamata. Kosa langu lilikuwa hilo tu, mengine yote yalikuwa sawasawa.

Filda ametaka kinu nilichochonga mwenyewe. Cheupe au cheusi ndani, hakusema. Nitampigia nimwambie bado kinahitaji siku tatu.

Kevina yuko njiani na dumu. Makaa yamekolea.