Bongo Nane za Simu Yangu na Msiba wa Liuli

Ndugu Mhariri,

"Simu yenye bongo nane haiwezi kuwa nzito. Uzito uko kwenye kidole cha mwenye simu."

Maneno hayo si yangu. Yaliandikwa katika gazeti lako wiki iliyopita na Ndugu Bernadi, muuza simu wa Mbinga mjini, akiwajibu wateja waliolalamika. Niliyasoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ili mke wangu Bonifasia naye asikie. Mimi ni mmoja wa wateja hao. Ni mkulima wa kahawa hapa Mapera, nasoma kila kinachochapishwa, hata karatasi za kufungia maandazi, na simu ya bongo nane, yaani vichakataji vinane vya kuifanyia kazi ndani, ninayo mfukoni. Naomba nafasi nimjibu kwa adabu anayostahili, ambayo ni kidogo.

1. Wingi wa bongo si wingi wa kazi. Kila mwenye kahawa analijua hili bila kwenda chuo. Msimu wa kuvuna naweza kualika watu wanane, wakachuma hadi vikapu vikafurika. Lakini uani ninayo mashine moja tu ya kumenyea, ya kuzungusha kwa mkono, na kahawa yote lazima ipite hapo. Watu wanane wataizunguka, mmoja akizungusha na saba wakimshauri, hadi kahawa ianze kunuka. Ndivyo ilivyo simu yangu. Ghala lake la kuhifadhia vitu ni la bei rahisi, linatoa kitu kimoja kimoja kama bibi anayehesabu mayai, na bongo nane zimesimama mlangoni zikingoja. Tena ziko kazi zisizogawanyika. Jembe moja halishikwi na watu wanane, na kazi nyingi za kufungua ujumbe hufanywa na ubongo mmoja. Ndugu Bernadi, wale saba wanakula nini? Wanakula chaji yangu.

2. Bongo zenyewe hazikupimwa nguvu. Simu ya paroko wetu nayo ina bongo nane. Ukiigusa, inaitika kabla hujaondoa kidole. Yangu ukiigusa inafikiri, halafu inasahau uliigusia nini. Nane kwa nane! Nikimwomba jirani wanaume wanane waje kulaza majani ya ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, naye akaniletea watoto wanane wa darasa la kwanza, hajasema uongo. Ameleta wanane. Lakini shamba halitalimwa, na wote watataka uji.

3. Simu ilikuja na wageni. Nilipoifungua mara ya kwanza nilikuta mchezo wa kupanga pipi, duka la nguo za baridi, na mtabiri wa hali ya hewa ambaye hadi leo anaamini naishi Dar es Salaam. Sikuwaalika, na simu inakataa niwafukuze. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ni finyu kama benchi moja, wao wamelikalia, na ujumbe wangu ukifika unasimama.

Hayo yote ningeyavumilia, Ndugu Mhariri. Nimevumilia mengi, yakiwemo maandishi ya Ndugu Bernadi. Linalofuata silivumilii.

4. Binti yangu Theresia ameposwa na Meshack, kijana wa Liuli, ziwani. Familia mbili tuna kundi moja la ujumbe, na mshenga wetu Florian ndiye anayetangaza mambo. Jumanne asubuhi Florian aliandika kwamba paroko amekubali tarehe ya ndoa. Nikajibu papo hapo kama baba wa bibi harusi anavyopaswa: "Hongereni sana! Jambo hili tumelisubiri kwa hamu kubwa. Mungu ametenda. Na waliobaki wafuate upesi!" Waliobaki ni wadogo zake Theresia, ambao nao wamefikia umri. Nikabonyeza kutuma.

Simu ikaganda. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kwa upole, nikabonyeza kwa hasira, nikaiweka mezani nikaenda kuangalia mbuzi. Bongo nane zilikuwa kwenye kikao.

Wakati huo huo, kutoka Liuli, kijana wao Jastin akaandika kwenye kundi: "Kwa masikitiko makubwa, baba mkubwa Elias ametutoka asubuhi hii." Mzee Elias ni kaka wa baba yake Meshack, mtu aliyeheshimiwa ufukwe wote ule. Na chini ya tangazo hilo, kabla ya pole ya mtu yeyote, simu yangu ikamaliza kikao chake. Ikatuma hongera. Ikamshukuru Mungu. Ikawataka waliobaki wafuate upesi. Ikatuma mara nne.

Nilipoona, nikakimbilia kufuta. Nikagusa mahali pa kufuta, simu haikuitika. Nikagusa tena, na ilipozinduka ile sehemu ilikuwa imeshahama. Kidole changu kikaangukia picha ya mtu anayecheza ngoma. Nayo ikaenda, Ndugu Mhariri. Hiyo peke yake ilikwenda haraka.

Mama Lidia, mzazi wa Meshack, akatoka kwenye kundi. Florian akanipigia akasema, "Mzee Kinunda, mimi ni mshenga, si mwanasheria." Bonifasia akasema nimemzika mkwe kwa vigelegele. Theresia haniiti baba tena. Ananiita "mzee wa hapa". Habari kutoka Liuli ni kwamba mazungumzo ya ndoa yamesimama, na nikienda mazishini nisitegemee kupewa kiti.

Sasa nauliza. Ni kidole changu kilichofanya haya? Kama muuza mbolea akiuza vumbi anashitakiwa, na muuza mbegu akiuza pumba anashitakiwa, kwa nini muuza bongo zilizolala aachwe atuandikie magazetini? Nadai simu ziuzwe kwa kuhesabu bongo zinazofanya kazi tu. Nadai kila simu ijaribiwe hadharani, mbele ya mashahidi wa pande mbili, kama mahari. Na kwenu wauza simu wote wa Mbinga mjini, kuanzia wewe Bernadi: pandeni gari mteremke Liuli. Mfike kwa Mama Lidia, mpige hodi, mtoe pole, halafu mfungue simu kama yangu mbele ya wafiwa wote ili wakione kiduara kinavyozunguka kwa macho yao. Msirudi mpaka binti yangu aitwe bibi harusi tena.

Nisalimie wote ofisini kwako, hata yule anayekata barua zangu kwa kisingizio cha nafasi. Wasalimie na wake zenu na watoto.

Ni mimi, msomaji wako nisiyenyamaza,

Valeriani Kinunda,
Mapera, Mbinga.

Nyongeza: Sijafunga bahasha, na Mama Lidia amepiga simu. Wazee wa Liuli wamekaa. Wamesema maneno kama yale msibani husemwa na mtani peke yake. Kwa hiyo ama nimewatukana, ama mimi ni mtani wao. Wakachimba, wakakuta bibi yangu mzaa mama alitoka katika ukoo wanaotaniana nao. Mjane wa marehemu, Mama Emiliana, amecheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, na anataka siku ya kuanua tanga nikayarudie yale maneno kwa mdomo wangu, pamoja na ngoma. Ndoa iko palepale.

Kwa hiyo Bernadi asithubutu kukanyaga Liuli. Akithibitisha kwamba kosa lilikuwa la simu, utani wangu umekufa na harusi nayo. Barua hii ningeichana, ila ile hoja ya kahawa nimeipenda. Ichapishe, lakini hapo chini uandike kwa herufi nene kwamba simu yangu ni nyepesi kuliko zote Mbinga, na kwamba kila neno nililituma mimi mwenyewe, kwa akili timamu, kwa wakati wake, mara nne.