Mwongozo wa Kukausha Nyanya

Inatangazwa kwa wananchi wote, waliokaa na waliosimama, kwamba matatizo ya kilimo yamekwisha. Yalikwisha Jumanne, saa tano na robo asubuhi, katika ofisi ya ghorofa ya pili, pale Mkurugenzi wa Baraza la Ushirikiano wa Wazalishaji na Serikali alipotia saini Mwongozo wa Taifa wa Tasnia ya Nyanya, akaupuliza wino ukauke, akaagiza chai.

Mwongozo ulikuwa shirikishi kwelikweli. Baraza lilikuwa na viti kumi na viwili: kumi na kimoja vya Serikali, na kimoja cha mzalishaji. Kiti cha mzalishaji kilihudhuria vikao vyote bila kukosa. Mzalishaji mwenyewe hakuonekana, kwa kuwa barua yake ya mwaliko ilikuwa bado inapitia ngazi husika.

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kubahatisha. Wenzake hupoteza miezi wakizunguka mashambani na kuchafua viatu. Yeye alichukua Mwongozo wa Mahindi, uliokuwa umekwisha kupikwa na wataalamu, akamwagiza mpiga chapa kwamba kila palipoandikwa "mahindi" paandikwe "nyanya". Kazi ya miaka mitatu ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Kwa juhudi hizo Mheshimiwa Waziri alimnong'oneza kwamba kiti cha Katibu Mkuu kingekuwa wazi karibuni, na tangu siku ile Mkurugenzi akaanza kutembea polepole, kwa mwendo unaolingana na cheo.

Uzinduzi ulikuwa bado, lakini utekelezaji haukungoja. Juma lililofuata Mkurugenzi akabishiwa hodi na mwanamke wa makamo, mkulima wa ekari mbili za kukodi, ambaye sokoni walimwita Mama Matenga. Mkononi alishika nyanya moja, nyekundu, imeiva sawasawa.

"Karibu, mama yangu. Ushirikiano ndio huu," alisema Mkurugenzi.

"Ahsante, baba. Mzigo wangu umezuiwa kwenye kizuizi cha barabarani siku tano. Mchumo wa kwanza wote umeozea kwenye lori. Eti nyanya zangu zina unyevu."

"Zinao. Nimeiona ripoti."

"Nyanya ni maji, baba."

"Na hilo ndilo tatizo tunalolishughulikia kama taifa." Akafungua Mwongozo kwa ncha za vidole. "Kifungu cha nne. Nyanya itaanikwa juani siku kumi na nne, au mpaka unyevu ushuke hadi asilimia kumi na tatu na nusu. Ndipo itapukuchuliwa, itapepetwa na kutiwa kwenye magunia."

"Nyanya ipukuchuliwe?"

"Mama, usiogope teknolojia."

Mama Matenga aliitazama nyanya yake, akamtazama Mkurugenzi, kama mtu anayepima ni kipi kati ya viwili kilichoharibika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nimebakiza mchumo mmoja. Huo ukioza, mwenye shamba atampa mtu mwingine, na mimi nina wajukuu wanne. Nakuomba, baba. Niandikie hata kibali cha siku moja."

Mkurugenzi aliguswa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Si kila kiongozi angefanya hivyo.

"Nimekusikia. Ndiyo maana tukaweka Kifungu cha saba. Kuanika ni bure, katika uwanja wa Baraza."

"Uwanja upi?"

"Huu hapa chini."

Wote wawili wakachungulia dirishani. Enzi za mahindi palikuwa na sakafu ya kuanikia. Sasa palikuwa na magari ya Baraza, yamepangwa kwa vyeo.

"Nizilete hapa?"

"Mwongozo haubagui," alijibu, kwa ukarimu wa mtu ajuaye kwamba hakuna atakayeleta.

Mama Matenga akaomba nakala ya Mwongozo. Akaomba igongwe muhuri. Mkurugenzi aliugonga mwenyewe, mara mbili, maana alipenda mlio wake.

Jumamosi ukawa uzinduzi, na magari ya Baraza yakaondolewa uwanjani kumpisha Mheshimiwa. Ukumbi wa Baraza ulijaa wajumbe, waandishi wa habari na maua ya plastiki. Mheshimiwa Waziri alisoma vifungu vyote kwa sauti nzito, na alipofika Kifungu cha tisa akanyanyua kidole. "Ni marufuku kwa mtu au chombo chochote kukanyaga au kusogeza zao lililoanikwa kabla halijakauka! Na hapa hatuoneani haya. Hata mimi nikikanyaga, nishitakiwe!" Wajumbe kumi na mmoja walipiga makofi mpaka mikono ikawawasha. Mkurugenzi alipiga kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa kifungu kilikuwa chake.

Hotuba zilichukua saa mbili. Mama Matenga na wakulima wenzake, watu arobaini wenye malori matatu, hawakuhitaji zaidi ya hapo. Mlinzi wa getini, kama askari wa kizuizi kabla yake, aliona muhuri uliogongwa mara mbili, akafungua geti, akapiga na saluti.

Walipotoka nje, uwanja ulikuwa mwekundu. Kuanzia ngazi za ofisi hadi getini yalitandazwa maturubai, na juu yake nyanya, moja moja, zimepangwa kwa adabu. Matenga mia sita yalikuwa yamelazwa matupu kando ya ukuta. Kule mwisho, limezungukwa kila upande, lilikuwa gari la Waziri.

"Nini hii?" aliuliza Waziri.

"Ushirikiano, Mheshimiwa," alijibu Mama Matenga.

Waziri alitazama saa. Ndege yake ilikuwa inaondoka saa tisa. Alikuwa anakwenda ng'ambo kupokea nishani ya utawala bora. "Wapishe gari lipite."

"Tungependa sana. Ila Kifungu cha tisa tumekisikia kwenye kipaza sauti sasa hivi, kwa sauti yako." Waandishi wa habari, ambao tangu asubuhi walikuwa wanasinzia, walielekeza kamera zote kwenye kiatu cha Waziri, kilichokuwa hewani juu ya nyanya. Kiatu kikarudi ngazini.

"Siku kumi na nne?"

"Au zikikauka. Sisi hatuna haraka."

Mkurugenzi alimwita mkaguzi. Huyu alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyeshinda usaili mkali uliokuwa na mwombaji mmoja. Mkaguzi alichomeka kipima unyevu kwenye nyanya. Kikatoa mlio mfupi.

"Kinasemaje?"

"Kimekufa."

"Andika kumi na tatu," alinong'ona Mkurugenzi.

"Shemeji, Kifungu cha kumi na moja kinamfunga mkaguzi mwongo. Nikifungwa mimi, kwa dada utasema nini?"

Jua lilikuwa linapanda. Mkurugenzi aliona Mama Matenga hatulizi macho, akafurahi, akidhani anaogopa watu wakubwa. Mama wa watu aliogopa jua. Kila dakika iliyopita ilikuwa inamla mchumo wake wa mwisho, naye alilijua hilo kuliko wote pale. Hata hivyo hakusogea.

"Mama, unataka nini?" aliuliza Waziri hatimaye, na jasho likimtiririka hadi kwenye tai.

"Maandishi. Na ayaandike aliyeandika yale ya kwanza."

Ililetwa karatasi. Meza haikuwepo, basi Mkurugenzi akaandikia mgongoni mwa shemeji yake, huku Mama Matenga akimsomea neno kwa neno: "Mimi, Mkurugenzi wa Baraza, nathibitisha kwamba nyanya si mahindi, na kwamba zao hili litasafiri likiwa bichi, leo na siku zote."

"Ongeza kwamba ulilijua hilo tangu utotoni."

"Hilo silo la kitaalamu," Mkurugenzi alipinga.

"Andika!" alifoka Waziri, akachukua kalamu na kutia saini yake chini, kabla wino wa juu haujakauka.

Saa zilikuwa zimekwenda, na watu arobaini peke yao wasingewahi. Basi wajumbe kumi na mmoja wa Baraza wakavua makoti, wakainama, wakaanza kuokota nyanya na kuzipanga kwenye matenga. Waziri alibeba tenga na mkulima mmoja, yeye upande huu na mwenzake upande ule, akaelekezwa namna ya kuweka mgongo. Wengi wao hawakuwa wamewahi kushika zao walilolisimamia. Mkurugenzi alifanya kazi kwa kasi ambayo Katibu Mkuu yeyote angeionea aibu.

Malori yalitangulia kutoka, yakielekea sokoni, na Mama Matenga amekaa mbele kwa dereva na karatasi yake kifuani. Alikuwa analia bila kujificha. Gari la Waziri likafuata nyuma, Mkurugenzi amekaa kando yake kumsindikiza, likafika getini, likasimama.

Nje walikuwa wamejaa wafugaji, kila mmoja na kopo lake la maziwa na nakala ya Mwongozo wa Taifa wa Tasnia ya Maziwa, wenye jalada jipya. Aliyetangulia alisogea dirishani kwa heshima zote, akauliza maturubai ya kuanikia yako wapi.

Waziri aligeuza shingo polepole kumtazama Mkurugenzi.

"Na maziwa?"

Mkurugenzi alipandisha kioo cha upande wake. Alikuwa anakumbuka kwamba Jumanne ile aliwahi sana kumaliza nyanya, na mchana mzima ulikuwa bado mbele yake na mpiga chapa.