Mashabiki wa Antoni, Tawi la Mirongo

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Amejibu! Mwanangu Antoni anakuja Mwanza Jumamosi kwa treni, kuimba ukumbini. Hajui kwamba ni mimi niliyemwita. Barua ilitoka kwa "Mashabiki wa Antoni, Tawi la Mirongo, wanachama mia mbili." Katibu: A. Kija. Wanachama mia mbili ni mimi. A. Kija pia ni mimi.

Miaka mitatu hatujasemezana. Wiki ileile niliyopunguzwa kazini kiwandani, nilimwita mhuni kwa sababu ya rap yake, nikachoma daftari lake la mashairi jikoni. Akaenda Dar. Mwaka huu jirani yangu Rozina, mhudumu wa zahanati, akaniletea kanda aliyorekodi Antoni. Mara ya kwanza nilisikia kelele. Mara ya nne nikaelewa. Minofu ya sangara inapanda ndege, anasema, sisi tunagombea mapanki, mifupa iliyobaki. Kweli tupu! Kisha kuna mstari wa mzee mfumaji anayeamshwa kila alfajiri na king'ora cha kiwanda kilichokwisha kufungwa. Mzee huyo ni mimi. Bado naamka saa kumi na moja. Nilidhani hakuna aliyeniona.

Jumatano, 6 Agosti

Mashabiki hawapatikani. Vijana wa mtaani wanasema Jumamosi kuna mpira. Mwalimu wa kwaya kaniambia nikatubu. Rozina kanishauri nimpokee Antoni stesheni, nimwombe radhi, basi. Mwanamke huyu hana mbinu kabisa.

Mimi ninazo. Nimezunguka hadi Buzuruga kuwaambia wafumaji wenzangu wa zamani kwamba kiwanda kimepata tajiri mpya, anataka kutuona ukumbini Jumamosi saa tisa. Wote watakuja!

Jumamosi, 9 Agosti

Wamekuja thelathini na mmoja. Wamevaa sare! Khaki zilizopigwa pasi, vitambulisho kifuani. Mzee Ogweno kashikwa mkono na bintiye, mguu umevimba, ndevu kanyoa. 

Antoni akapanda jukwaani. Amekonda. Akawatazama muda mrefu, kisha akaanza. Walikaa kimya, wakidhani ni burudani ya kumsubiri tajiri. Ulipofika mstari wa king'ora, Ogweno akavua kofia. Wengine wakafuata. Sijawahi kuona watu wakisikiliza hivyo, hata kanisani. Nililia nyuma ya spika.

Kisha wakauliza tajiri yuko wapi. Nikasema gari lake limekwama kivukoni Kigongo. Ogweno akasema basi wangoje. Wakangoja! Saa nzima, wamenyooka vitini kama siku ya ukaguzi. Mwishowe Antoni akashika kipaza sauti.

"Wazee wangu, shikamooni. Hakuna tajiri anayekuja."

"Marahaba," wakajibu. Wakainuka mmoja mmoja, wakatoka. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemsindikiza stesheni. Nikamwambia Katibu Kija anamsalimu sana, ila anaumwa malaria. Antoni akatoa barua mfukoni.

"Baba, hati yako ya mkono naijua tangu ulipokuwa unanisainia ripoti za shule. Nilikuja kwa sababu hiyo."

Alikuwa ananingoja. Maneno yalikuwa hapa kooni. Daftari. Nisamehe. Watu wanapita na mabegi, na mimi nimesimama mdomo wazi kama sangara.

Nikasema hati ya Kija inafanana sana na yangu.

Akaitikia kwa kichwa. Akapanda behewa. Shikamoo akanipa kupitia dirishani, kwa upole, kama anavyopewa mzee yeyote wa njiani. Treni ikaondoka.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekaa kuandika. "Mwanangu Antoni." Nimeitazama karatasi hadi chai imepoa. Nimeichana.

Nimetafakari sana kosa langu, nimeligundua. Ni hati! Nimeanza upya kwa mkono wa kushoto. "Ndugu Antoni, mimi ni nesi. Baba yako amelazwa. Anakutaja wewe tu." Hilo la kumtaja ni kweli.

Jina la ugonjwa nimeliachia nafasi. Kesho nitamuuliza Rozina ni upi unaotisha bila kuua.