Randa ya Yassini na Mlango wa Bafu

Lindi nzima ina injinia mmoja tu asiye na mpinzani, na kwa bahati mbaya ni jirani yangu hapa Mtanda. Anaitwa Yassini. Kazi inayomlisha ni kuuza magodoro. Uinjinia kausomea kwenye simu, akiwa amelala chali. Bando likiisha, chuo kinafungwa.

Mwezi uliopita mkewe, Zuhura, alimwomba jambo dogo tu.

"Baba Nusaiba, mama anakuja Ijumaa kutoka Kilangala. Mlango wa bafu unakwama sakafuni, haufungi. Mwite Kornelio aupige randa."

Kornelio ni seremala, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara. Kumwita ni kazi ya kupaza sauti.

"Kornelio?" Yassini alicheka kama waziri aliyeulizwa nauli ya basi. "Zama hizi mtu anasukuma randa kwa mikono? Mimi nina mashine!"

Mashine! Ilikuwa randa ya umeme ya kale. Mzee Kurbanali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa akisafisha stoo, akamwomba Yassini amsaidie kuitupa. Yassini akaibeba mpaka nyumbani kama kombe la dunia! Kutu ilikuwa imeivaa mwili mzima. Rangi yake ya asili ilibaki siri yake na aliyeitengeneza.

Siku tatu baraza lake likawa karakana. Visu aliviloweka kwenye siki ya Zuhura ya kutengenezea achari. Kutu ikatoka, achari ikafa. Beringi alizipaka grisi mpaka nyingine ikamfika ndevuni. Brashi za kaboni, vile vijiwe vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota, zilikuwa zimekwisha. Akang'oa za blenda ya Zuhura, akazisugua kwa msasa mpaka zikaenea. Ndio ukarabati wake huo: anafufua maiti mmoja, anaua wazima wawili!

Kilichomshinda ni kirungu cha kupimia unene wa kukata. Kiliganda kwenye alama ya mwisho.

"Jirani," nikamwambia, "hiki hakizunguki. Kitakula mbao kupita kiasi."

"Hizo ndizo nguvu za mashine za zamani," akanijibu. "Hazijui kudonoa!"

Alhamisi asubuhi akaipaka rangi ya kijani, akaanza kuranda huku na huko uani na randa yake mkononi, akisubiri watazamaji watimie. Tulitimia. Kornelio naye alivuka barabara, akasimama, mikono nyuma.

Yassini akachomoa pini za bawaba, akaulaza mlango juu ya viti viwili, akabonyeza swichi.

Lahaula! Mlio wake ulikuwa wa trekta lenye pumu. Taa za nyumba zikafifia, kuku wakatoka mbio kuelekea Mitwero, na makapi ya mbao yakaruka yakamfunika Zuhura aliyekuwa akianika nguo. Nikiri lakini: ilifanya kazi! Hata Kornelio alitikisa kichwa kwa heshima.

"Mmeona?" Yassini akapiga kelele. "Mmeona?"

Akaurudisha mlango, akausukuma. Ukapita kidogo, kisha kona yake ikagusa sakafu. Krrr!

Akautoa. Akaupiga randa. Akaurudisha. Krrr!

"Mbao hii ina kiburi," akasema, jasho likimtiririka.

"Yassini, hebu nitazame kwanza..." Kornelio akaanza.

"Rudi kibandani kwako, babu wa randa ya mkono!"

Kornelio akarudi, na sisi tukabaki, maana starehe ya bure haiachwi. Mara ya tano mlango ukafunga bila kugusa kitu. Yassini akainua randa juu, nasi tukampigia makofi. Kwa kweli tulikuwa na njaa.

Ijumaa akaja mama mkwe, Bi Mwanaidi, mwanamke mfupi mwenye macho ya kuona sindano gizani.

"Shikamoo, mama," Yassini akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Kabla hata ya chai akaenda kunawa. Akaushika mlango, akautikisa. Akainama, akatazama bawaba ya juu.

"Zuhura, niletee kisu cha jikoni na kiberiti."

Skrubu za bawaba zilikuwa zimelegea, na kila mlango ulipotolewa na kurudishwa zililegea zaidi. Bi Mwanaidi akachomeka njiti za kiberiti kwenye matundu, akakaza skrubu kwa ncha ya kisu. Dakika tatu, bila umeme, bila makapi, bila hotuba.

Mlango ukanyanyuka ukakaa sawasawa. Hapo ndipo tulipoona alichokula injinia: chini palibaki uwazi ambao mbuzi mdogo angepita bila kuinama!

"Nani aliyekata mlango huu?" mama mkwe akauliza.

Zuhura akatazama mawingu. Mimi nikakumbuka nina shughuli mjini. Yassini akajibu kwa sauti ya kifaranga, "Fundi mmoja tu, mama."

"Msimwite tena."

Khanga ikatundikwa chini kuziba uwazi, upepo ukawa unaiinua upendavyo. Yassini aliona haya hata kula meza moja na mkwewe. Akawa anaoga alfajiri na mapema, kabla watu hawajaamka, ili mtu asimwone hata kisigino.

Jumapili akajifungia humo, anajimwagia maji taratibu, anajiona salama. Mara ikasikika sauti ya upole kutoka uani.

"Mwanangu, ukimaliza niachie hapo mlangoni. Hizo ndala ulizovaa ni zangu."