Naomba Kuolewa na Wakfu

Hell-Ville, Nosy Be
14 Machi 1951

Kwa Ami Mikidache,
Mwenyekiti wa Wakfu wa Hisani na Ustawi wa Jamii,
Mangarivotra, Mahajanga

Ami yangu mheshimiwa,

Nakuamkia kwezi, viganja vyote viwili mbele kama ulivyonifundisha, ingawa karatasi haionyeshi viganja.

Ting.

Naanza na sauti hiyo kwa sababu imekaa sikioni mwangu tangu mkutano wa mwezi uliopita, na kila ninapotaka kuandika jambo jingine inanitangulia. Ni kengele yako, ile ndogo ya shaba ambayo zamani mkeo Bi Rabiata aliitumia kuitisha chai. Uliigonga nilipofungua mdomo. Sikuwa nimetoa neno, Ami. Nilikuwa nimevuta pumzi tu. Nadhani mimi ni mtu wa kwanza katika kisiwa hiki ambaye pumzi yake imekatizwa na shirika la hisani.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha Bibi kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kukisoma, na ulisema kuwa ni lugha ya mikataba na ya dua. Barua hii ina vyote viwili. Isitoshe, katibu wako Bwana Maoulida hakijui, kwa hiyo hataweza kunijibu kabla wewe hujaisoma.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangazo lenu lilipigiliwa misumari kwenye mlango wa soko. Lilisema kwamba Wakfu unakuja kutoka Mahajanga kusikiliza shida za jamii, kwamba kila raia anakaribishwa kushiriki, na kwamba mwishoni itachaguliwa kazi moja ya kuifanyia Nosy Be. Mimi sikuwa na hakika kama ni raia. Nikaenda kumuuliza karani wa wilaya, naye akaniambia kuwa tangu vita viishe sote tumekuwa raia, hata mama yangu, hata wanawake wa Nosy Komba. Nikakimbia nyumbani na habari hiyo. Mama alikuwa akichagua mchele kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado umefungwa vibanzi. Hakuinua uso. Akasema, "Haya. Na huyo raia ana ngazi?"

Unaijua sababu ya swali hilo. Vyombo vya visiwa jirani vya Nosy Komba na Sakatia havifungwi kwenye gati la serikali; hushusha watu pembeni, kwenye tope. Wanawake huteremka na mafurushi ya vitambaa vya kutarizi vichwani, tope likiwafika mapajani, kisha huparamia ukingo unaoteleza kama samli. Hapo ndipo Mama alipoanguka akitoka kwa dada yake, na tangu siku hiyo hajashika sindano. Mama bila sindano, Ami, ni kama wewe bila kengele. Nilikuja mkutanoni kuomba ngazi ya mawe. Nilikuwa na neno moja tu, na ningelimaliza kabla chai haijapoa.

2. Baada ya kunigongea ulinieleza, kwa upole nakiri, kwamba katika baraza la watu wetu hasemi ila aliyekwisha kufanya arusi kubwa: aliyelisha mji mzima, akatoa dhahabu, akachezewa ngoma. Asiyefanya hivyo ni mtoto, hata ndevu zake zikiwa nyeupe. Sipingi. Nimelelewa ndani ya desturi hii. Baba yangu, kaka yako Nourdine, alikaa nyuma na vijana mpaka alipofariki, kwa sababu fedha za arusi yake kubwa alizitumia kunisomesha. Usiku, baada ya kila baraza, alikuwa akisimama jikoni na kuuhutubia mtungi wa maji. Alihutubia vizuri sana. Mtungi haukuwahi kumgongea kengele.

3. Kwa kuwa sikuweza kusema, nilisikiliza. Mzee Houssen alisimama akaeleza kwamba mwavuli wake ulipotea nyumbani kwako Mangarivotra wakati wa maulidi, na kwamba anamshuku Mzee Djaanfar. Mzee Djaanfar akasema kuwa siku ile mvua ilinyesha kwa watu wote. "Mwavuli wangu una mpini wa pembe!" akalia Mzee Houssen. "Basi wangu nao umeota pembe, Mungu ni muweza," akajibu mwenzake. Jambo hili likaandikwa kuwa shida ya kwanza ya jamii. Kengele ilikuwa imelala.

Shida ya pili iliyoandikwa ni kwamba wanaoruhusiwa kusema hawaonekani vyema na wasioruhusiwa. Hapo kazi ya Wakfu ikachaguliwa kwa kauli moja: kujenga jukwaa la mawe la kusemea. Huku nyuma, tulikoketi wanawake, Bi Zalifa wa Nosy Komba akanifinya. "Umesoma kote huko, mwanangu, unashindwa kutamka ngazi?" Nikavuta pumzi tena, nikakutazama. Mkono wako ulikuwa tayari juu ya meza.

4. Mkuu wa wilaya, Mfaransa, alisema mwanzo na akasema mwisho. Kwa heshima zote, bwana yule si mtu mzima. Mkewe mwenyewe alituambia barazani kwamba walioana ofisini mbele ya mashahidi wawili, kisha wakaenda kupanda gari moshi. Hakuna mji uliokula. Hata mashahidi hawakula. Kwa kanuni yako alitakiwa kukaa nyuma, kati yangu na Bi Zalifa, na Bi Zalifa alikwisha kumsogezea nafasi.

5. Mawe ya jukwaa yaliletwa kwa merikebu kutoka Mahajanga, yamechongwa, mazuri sana. Yalipofikishwa topeni kwa vyombo vidogo, wazee walitazama tope, wakatazama majoho yao, wakakumbuka swala. Wanawake wa Nosy Komba, waliokuwa wamekuja kuuza vitambaa, ndio walioambiwa wayabebe mpaka pakavu. Walipouliza kwa nini, Bwana Maoulida aliwajibu kwamba huko ndiko kushiriki kwa raia. Nasikia katika taarifa yenu ameandika kuwa ushiriki ulikuwa mzuri. Mawe yako palepale pwani, yamefunikwa makuti, yanamsubiri fundi.

Ami, sikushika kalamu ili kulalamika tu. Nimejifungia chumbani nikifikiri mpaka Mama akasema nitaota ukungu. Nimepata njia ambayo haivunji desturi hata kidogo. Nataka kusema. Ili niseme lazima niwe na arusi kubwa. Arusi kubwa inataka mwanamume mwenye uwezo na jina, anayeheshimiwa Mahajanga na huku. Nimewapitia wote ninaowajua. Hamidou wa duka la vitambaa ana uwezo, lakini hawezi kuchagua kanzu bila mama yake. Wengine hata hao mama zao wamekata tamaa. Amebaki mmoja.

Naomba kuolewa na Wakfu.

Cheka kwanza, Ami, kisha endelea kusoma.

Wakfu ana nyumba ya ghorofa. Ana kesi na jirani yake kuhusu mfereji. Mwaka juzi uliandika kwamba hali yake si nzuri, tukamwombea dua Ijumaa, akapona. Huhudhuria mazishi, hutoa pole, hupokea shukrani. Pia hununa, kwani nimeona barua ya Bwana Maoulida inayosema kuwa Wakfu amechukizwa na bei ya chokaa. Mtu anayemiliki, anayeshtaki, anayeumwa, anayepona na anayenuna amebakiza nini isipokuwa kuoa? Na hana mke. Hanywi. Halali nje. Ni mdogo kwangu kwa miaka michache, lakini watu watazoea.

Masharti yangu si mazito.

Mahari. Sitaki dhahabu, nataka ngazi. Tena ni kwa ajili ya heshima yenu wenyewe, maana bwana arusi atakuja kwa bahari akiwa na msafara, ngoma na wazee waliovaa majoho ya kutarizi, na watashushwa hapo hapo aliposhushwa Mama. Mfikirie Mzee Houssen, akienda kuwapokea, amezama mpaka kwapani, joho linaelea, na mwavuli bado haujapatikana. Ngazi ijengwe kabla ya bwana arusi kuondoka Mahajanga.

Makazi. Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke, na nyumba ni ya mwanamke. Kwa hiyo Wakfu atahamia kwetu, nyuma ya soko. Nimekwisha kupima. Kabati la majalada litaenea karibu na kinu. Mhuri utatundikwa msumarini pamoja na ungo. Kiti cha mwenyekiti kitakaa chini ya dirisha, mahali anapotagia kuku wa Mama, kuku atashauriwa. Bwana Maoulida atalala barazani na ataamshwa kabla ya alfajiri, maana Mama havumilii watu wa mkwewe walale hadi jua lichomoze. Mikutano yote itafanyika humo ndani, na humo, Ami, anayesubiri kukaribishwa ili aseme ni mgeni. Kengele itarudi kwenye kazi yake ya chai.

Ukwe. Wakfu hatambishia mama mkwe. Mama akisema ngazi, ni ngazi. Hakuna kupiga kura. Na kwa kuwa nusu ya Nosy Komba ni ndugu wa Mama, wote watakuwa wakwe wa Wakfu, naye atalazimika kuwasaidia wakiumwa, wakizaa, wakiezeka, wakizika. Nimesoma katiba yenu mara nyingi. Hakuna kazi iliyoandikwa humo ambayo mkwe mwema haifanyi bila katiba.

Kuoza. Hapa pana ugumu kidogo. Baba hayupo, kwa hiyo walii wangu ni wewe. Na anayemwakilisha Wakfu katika mikataba ni wewe pia. Basi utakaa upande mmoja wa mkeka useme, "Nimekuoza Zaïtoun." Kisha utainuka, uzunguke mkeka, ukae upande wa pili, useme, "Nimekubali." Sema kwa sauti ili ujisikie. Tafadhali usisahau kujipa mkono.

Baada ya hapo nitakuwa mtu mzima. Nitasimama juu ya jukwaa lenu jipya, nikiwa nimepakwa liwa usoni, nivute pumzi mpaka mwisho bila hofu, na nitamke neno nililowekewa akiba na Baba na mtungi wake. Nimegundua kwamba siku hiyo ngazi itakuwa imekwisha kujengwa kama mahari, kwa hiyo sitakuwa na la kuomba. Hilo lisikutie wasiwasi. Nitazungumzia mwavuli.

Nisalimie Bi Rabiata, nisalimie majirani wote wa Mangarivotra, hata yule wa mfereji. Mwambie Bwana Maoulida namkaribisha barazani. Mama anakusalimu kwa mkono wa kushoto. Bi Zalifa naye anakusalimu, ingawa ameomba nisiandike maneno yake.

Mimi niliye binti wa kaka yako na, mpaka utakaponijibu, bado mtoto,

Zaïtoun binti Nourdine

Tanbihi. Meli ya posta ilichelewa, na barua hii ikabaki mezani wakati mambo mengine yakitendeka.

Alhamisi ilinyesha. Bi Zalifa alikuwa akipanda ukingo na mjukuu wake mgongoni. Akateleza. Hakuanguka, lakini ukelele wake ulifika kwetu, na Mama akatoka bila hata mtandio. Niliposhika njia kumfuata nilimkuta amesimama mvuani akitazama makuti yenu. Akayafunua.

"Mawe haya aliyabeba nani?" akauliza.

"Sisi," wakasema wanawake.

"Basi yanatujua."

Akainama, akashika jiwe kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule wa vibanzi. Nikamnyang'anya. Lilikuwa zito, Ami. Nililipeleka mwenyewe ukingoni na kulilaza. Tuliendelea hivyo mpaka jioni, tukarudi asubuhi. Sijawahi kucheka kama siku hiyo. Bi Zalifa alikuwa akitangaza kila jiwe linapokaa, "Raia ameshiriki!" na sote tukashindwa kusimama.

Wazee walipotoka kwenye swala ya Ijumaa ngazi ilikuwa imefika juu. Mzee Houssen akauliza kwa ukali ni nani aliyetoa ruhusa. Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa hapakuwa na hata mmoja wetu aliyefanyiwa arusi kubwa. Akangoja. Tukampisha kwa adabu. Mwisho akateremka mwenyewe kukagua, akapanda, akateremka tena, na mara ya tatu hakuwa anakagua chochote.

Kwa hiyo posa yangu naiondoa. Mwambie Wakfu kwa upole, asije akaugua tena. Kengele yako Bwana Maoulida aliisahau mezani. Nimeifunga kwenye nguzo, huko chini mwanzo wa ngazi. Kila anayefika na mzigo anaigonga, na mtu hushuka kumpokea.

Najua utakuja kunigombeza. Vaa viatu vyako vizuri. Ukifika, gonga mara moja tu, nitashuka.