Mdomo wa Uongo, Shingo ya Kweli

"Mkate wangu hauna karanga," alirudia Mama Mikate, ameegemea meza ya kukandia kama mtu asiye na haraka ya kudanganywa.

Mteja aliyejiita Profesa aliuonyesha kwa kidole mdomo wake wa chini, uliokuwa umeumuka kuliko unga wote wa mle ndani. Kwa sauti ya msomi alimfafanulia kwamba mwilini mna seli za kinga, askari wa damu. Kwa watu wengine askari hao hulinda. Kwa mwenye mzio kama yeye, hupagawa: ikipita chembe ya karanga, wanalipua ghala zima la silaha kumfukuza panya. Leo mdomo, kesho jeneza, keshokutwa mahakama. Labda wayamalize kiungwana, kwa fidia kidogo, hapa hapa.

Elimu hiyo aliipata kwenye bango la zahanati, siku alipojibanza pale kukwepa mvua. Hata hivyo ilikuwa kweli tupu, na uongo mzuri hupenda kubebwa mgongoni na ukweli. Uvimbe nao ulikuwa halisi. Nyuma ya ukuta wa jirani alikuwa ameubandika mdomo kwenye kibiriti chenye nyuki. Nyuki alifia kazini, kama wenzake wa maduka yaliyotangulia.

Mkewe, ambaye kwa shughuli hii alikuwa dada yake, alijifuta machozi. "Baba yetu alitutoka hivi hivi, mama."

"Poleni. Na mimi nimesikia habari za bwana anayevimba duka hadi duka. Tokeni, nina mikate motoni."

Hapo Profesa akaanza kujikuna shingo. Vipele vikapanda hadi masikioni, sauti ikakauka, pumzi ikapiga mluzi. Mkewe alimtazama kwa fahari. Leo mzee amejipita. Mpaka mumewe alipomshika mkono na kukoroma, "Nyuki."

Neno hilo halikuwamo kwenye mpango.

Bango lilikuwa na mstari wa mwisho, ila mvua ilikatika kabla Profesa hajaufikia. Ulisema kwamba seli za kinga hazimrukii mgeni siku ya kwanza. Humkariri sura, zikajipanga, zikamngoja arudi. Anayezipelekea sumu ya nyuki duka baada ya duka asishangae siku moja zikiitambua.

Mama Mikate alikuwa ameshafungua mlango. "Kipaji anacho," alisema. "Akaigize jukwaani."

Mke aliutazama mlango, akamtazama mumewe, ambaye midomo yake ilikuwa inageuka kijivu. Kumwokoa ni kujifunga kamba mwenyewe.

"Mama, mdomo ni wa uongo," alisema. "Shingo ni ya kweli. Na mimi si dada yake."

Mama Mikate hakuuliza la pili. Alishusha gunia la unga kutoka kwenye toroli, wakampakia Profesa mahali pake, na wanawake wawili wakasukuma mbio hadi zahanati ya ng'ambo ya barabara. Mgonjwa alifika mweupe pe kwa unga, kama maiti aliyejitayarisha mapema. Akadungwa sindano pajani.

Pumzi iliporejea, alifumbua jicho moja na kumnong'oneza mkewe. "Amelipa?"

Mkewe alitoa mkobani kibiriti cha akiba, kilichokuwa kikivuma kwa hasira, akakifungua dirishani. Nyuki akatoka, akaenda zake bila kuaga. Mke akafunga dirisha.