Malalamiko Juu ya Kijana Anayesoma Ndani ya Kompyuta Yangu

Kwa Mwalimu Abdulkadiri,
Darasa la Kompyuta la Wenye Uoni Hafifu, Ilala.

Mwalimu wangu,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia kwa kuwa nakujua, una adabu. Ninayemshtaki ni yule kijana uliyeniwekea kwenye kompyuta anisomee, maana macho yangu siku hizi yanaona kitenge lakini maandishi hayaoni.

Unajua kwa nini nilimtaka. Barua pepe za dada yangu Josepha kutoka Moshi alikuwa ananisomea mkwe wangu Brightness, na kabla sijamaliza chai ghorofa nzima inajua nani kavimba mguu na nani kakataa posa. Nilitaka mambo yangu yabaki yangu. Sasa ona nilichopata:

1. Haamkii. Siku ya kwanza nilikaa mbele yake mpaka adhuhuri nikisubiri shikamoo. Wapi!

2. Anakimbia. Wale wa vipaza sauti hapa Msimbazi, wanaonadi dawa ya mende na panya, wana nafuu. Josepha kaandika kurasa mbili, yeye kazimaliza sijakaa sawa kwenye kiti.

3. Sauti yenyewe nyembamba kama ya mtoto aliyebanwa na mlango. Mwanamume mzima!

4. Anataja kila alama. Josepha analia ng'ombe wake kafa, huyu ananitajia mkato, mkato, nukta. Nani kamuuliza?

5. Nikiandika, ananirudia herufi moja moja kama mkaguzi. Mimi nina darasa la nne langu, na nimeuza vitenge Kariakoo miaka arobaini bila kusimamiwa na mtu.

Utasema ulinionyesha pa kurekebisha: kasi pale, wembamba wa sauti pale, alama pale. Nakumbuka, sijazeeka kichwa. Lakini tangu lini mtu mzima akahangaika kumrekebishia mtoto ulimi? Ajirekebishe mwenyewe!

Kwa hiyo naomba umwite darasani wiki mbili, umfundishe kuamkia, kusoma taratibu na kuimeza mikato. Akishindwa, mtoe, uniletee mzee mwenzangu, mtaratibu, asiyekunywa. Na huyo mzee aje kwanza na ndugu zake wajitambulishe, maana siwezi kukaa chumbani na mwanamume nisiyejua kwao.

Msalimie mama watoto, wanafunzi wenzangu wote, na Suud wa kiti cha nyuma, mwambie aache kusinzia.

Ni mimi niliyechoshwa,
Bibi Matilda, mama yake Elibariki,
Kariakoo.

N.B. Nimemwamuru anisomee barua hii niihakiki. Brightness kasimama mlangoni na sinia la mchele, masikio yote kwangu. Kijana kaisoma mwanzo mpaka mwisho kwa mwendo wake ule ule, na mkwe wangu hakuambulia hata neno. Kaniuliza kama redio imeharibika. Mimi nimesikia yote, hata nukta. Basi usimguse kijana wangu. Pale pa kasi nimepafuata mwenyewe, nimemwongeza kidogo, maana Brightness ni mwepesi wa kujifunza.